Dole Gumba la Mama

Kwetu bastola za kale hazikai kwenye makabati ya vioo. Zinalala ndani ya soksi. Baba alikuwa akichukua soksi za sufu zilizochakaa, anazilowesha mafuta ya mashine, anaziacha zikauke kidogo kwenye kamba, kisha anaichomeka bastola mtutu kwanza. Ukiingia chumbani kwake unakuta rafu imejaa soksi nono, kila moja na rangi yake, na sisi wanawe tulijua kilichomo bila kufungua. Ya bluu ni ile ndefu ya askari wa farasi. Ya kahawia ni ile yenye mpini wa pembe. Ya kijivu yenye kisigino chekundu ni ya mama.

Nilikuwa naitaka hiyo ya kisigino chekundu na si nyingine. Zile nyingine hata wangeziyeyusha wakatengeneza vijiko, mimi nisingesema neno.

Baba alizikwa majira ya kuchipua, ardhi ikiwa bado ngumu na upepo wa Wyoming ukipeperusha kofia za watu makaburini. Kiangazi tukakutana nyumbani kwake kuchagua. Huo ndio utaratibu wa ukoo wa Stroud tangu enzi za babu: mwenye bastola akifa haziuzwi, watoto wanazichagua kwa zamu, mkubwa anaanza, na mzee wa ukoo anakaa hapo kuangalia watu wasitoane macho. Mzee aliyebaki ni baba mdogo Emmett. Watoto tuko wawili tu, mimi na kaka yangu Royce.

Royce ni dalali wa minada. Anauza matrekta, ng'ombe, mashamba ya watu waliofilisika, na bunduki za marehemu. Ana sauti ya kupasua madebe. Nilijua kabisa kwamba yeye, kwa kuwa ndiye anaanza, na kwa kuwa ndiye anajua bei za vitu, ataichukua ya mama. Maana ile ilikuwa ya kale kuliko zote, haijawahi kuguswa na fundi, weusi wake wa kiwandani ungalipo, kila parafujo ni ile ile iliyotoka nayo. Watu walikuwa wakitoka Denver kuja kuitazama tu, wakimbembeleza baba, naye anawapa kahawa anawarudisha.

Usiku uliotangulia sikulala vizuri. Niliyapanga maneno ya kumwambia. Njiani ndani ya pikapu niliyasema kwa sauti, peke yangu, nikipiga usukani. Nilikuwa nimebeba chupa kubwa ya matango ya chumvi, yale ya mama, ninayotengeneza kila mwaka kwa kipimo chake, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mtu anayekaa mezani bila matango. Mtu akienda vitani na chupa ya achari anachekesha, najua, lakini ndivyo nilivyokwenda.

Hapa lazima niseme habari ya dole gumba, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilitaka kuua mtu.

Royce alikuwa na miaka mitatu, na mimi nilikuwa tumboni. Baba alikuwa Cheyenne kwenye mnada, na mama alikuwa jikoni akiweka matango chupani, mikono imelowa maji ya chumvi hadi kwenye viwiko. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto amesimama karibu na rundo la kuni, na nyoka wa njuga amejikunja mbele yake, anatikisa mkia. Mama kwa tumbo lile asingeweza kukimbia wala kuinama. Akaichukua bastola iliyokuwa juu ya friji, akatoka barazani, akampiga nyoka mara moja. Kisha akairudisha juu ya friji na kuendelea na matango yake.

Baba aliporudi, chumvi ilikuwa imeshafanya kazi. Ubavuni, upande wa kushoto, pale dole gumba linapokaa, palikuwa na alama ya kutu: dole gumba la mama zima, mistari yake yote, na kovu lake la mfuniko wa chupa likiikatiza. Baba alipandwa na hasira. Mtu ambaye hakuruhusu mgeni aguse chuma bila kufuta! Akachukua mafuta na kitambaa. Mama akamwambia, "Iguse uone." Halafu akamwambia, "Ukitaka kujua nani alikuwa hapa nyumbani wewe ukiwa mnadani, angalia hapo."

Baba hakugusa. Miaka yote iliyofuata alikuwa akiifuta bastola ile akizunguka alama, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Mama alipofariki mimi nikiwa bado shuleni, baba alianza kuitoa kwa wageni. Kila mgeni. Anavua soksi, anafungua silinda kuonyesha haina risasi, anaiinua kwenye mwanga, na anaanza: "Siku hiyo Ardith alikuwa na matango..."

Hatukuwa na picha nyingi za mama. Alikuwa hapendi kamera. Sauti yake nimeisahau. Kilichobaki cha mwili wake duniani ni hicho, ukubwa wa sarafu. Ndicho nilichokifuata.

Basi tukakaa mezani. Baba mdogo Emmett alikuwa ametandika shuka na kuzipanga soksi kwa mstari. Pembeni aliweka kitambaa chenye mafuta, kwa sababu hata baba akiwa kaburini, anayeshika chuma anafuta.

"Mnazijua sheria," akasema. "Unatoa, unafungua, unatazama, unasema. Ukishasema ni yako. Sitaki kelele. Moyo wangu una betri."

"Kelele za nini, baba mdogo?" Royce akasema. "Sisi si watoto."

"Nyinyi? Nyinyi mlipigania kiti cha mbele siku ya mazishi."

Royce hakucheka. Alikuwa amevaa kofia yake ya kazini, na hakunitazama. Nilidhani ni aibu ya mtu anayejiandaa kukunyang'anya kitu. Nikakaza mikono chini ya meza.

Akanyoosha mkono. Ukapita juu ya soksi ya kisigino chekundu, haukusimama, ukaenda kwenye ile ya bluu. Akaitoa ile ndefu ya askari wa farasi, akafungua, akatazama, akasema, "Hii."

Nilimtazama. Nikadhani amekosea. Kisha nikaona haya kwa yale yote niliyoyasema njiani kwa usukani. Nikajiambia, kumbe kaka yangu ni mtu. Amenijali. Nilikuwa karibu kumshika mkono, Mungu anisamehe.

"Zamu yako, Verna," baba mdogo akasema. "Hata usitusumbue kwa kufikiri, tunajua."

Nikaivuta soksi ya kijivu. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Soksi za baba zinanuka mafuta na sufu iliyozeeka, na hii ilinuka dawa. Nikaitoa bastola. Ikang'aa.

Ilikuwa nyeusi tititi, inameremeta kama kiatu cha polisi. Nikaifungua kwa mazoea, nikaona haina kitu, nikaigeuza upande wa kushoto. Kingo ambazo zilikuwa kali sasa zilikuwa zimeviringika. Herufi za kiwanda zilikuwa zimefifia kama zimeandikwa kwa siagi. Mtu alikuwa ameisugua kwa gurudumu la fundi hadi chuma kitupu, akaipaka weusi mpya. Na pale pa dole gumba nilijiona mimi mwenyewe, uso wangu umevutika, mdomo wazi.

"Nani?" nikasema.

Baba mdogo Emmett alikuwa ameinua miwani yake.

"Nimeuliza nani!"

"Mimi," Royce akasema.

Sijui niliinuka vipi. Kiti kilianguka. Nilikuwa nimeshika bastola ile kwa mtutu kama nyundo, na nashukuru meza ilikuwa katikati yetu, maana ningempiga nayo usoni.

"Wewe una wazimu? Una akili wewe? Wewe ni dalali, Royce! Unajua! Kila Jumamosi unasimama mbele ya watu unawaambia msisugue vitu vya wazee wenu, msisugue, mnaviua! Halafu hii! Hii!"

"Shusha sauti."

"Sishushi! Ulikuwa na funguo za nyumba na ukaenda kwa fundi kumfuta mama!"

"Nilimfuta nyoka," akasema.

"Nini?"

"Nimesema nilimfuta nyoka!" Sasa na yeye alisimama, na ile sauti ya mnada ikatoka yote, vikombe vikalia kabatini. "Nina miaka sitini na kitu, Verna! Unajua mimi ni nani katika mji huu? Mimi ni yule mtoto aliyejikojolea kwenye kuni. Baba aliisimulia harusini kwangu. Aliisimulia mbele ya wakwe zangu, na bastola mkononi. Mnada wangu wa kwanza, nimepanda jukwaani, baba anapiga kelele kutoka nyuma, 'Mwacheni huyo, akiona nyoka atalowa!' Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Hakuna siku niliyofanya kitu katika nyumba hii kikawa kikubwa kuliko siku niliyosimama tu!"

"Kwa hiyo unamsugua mama yako kwa sababu ulitaniwa?"

"Na wewe je? Baba alipoishiwa pumzi nani aliendelea? Kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga hajakatwa, wewe umeshafika kwenye njuga za mkia. Unaigiza hadi uso wangu. Nilijua ukiichukua utaiweka sebuleni kwako, na nikija kula nitaikuta hapo."

"Ile ni hadithi ya mama! Si yako!"

"Mama hakuwahi kuisimulia," Royce akasema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Kumbuka vizuri. Umewahi kumsikia mama anaisimulia?"

Sikumjibu. Na mtu asidhani sikumjibu kwa sababu alikuwa amesema kweli. Sikumjibu kwa sababu kwa hasira nilikuwa naona meno yake tu.

Baba mdogo Emmett alipiga meza kwa kiganja. "Basi. Verna, bado hujasema. Unaweza kuirudisha. Ile ya mpini wa pembe bado ipo, haina kasoro, hii sasa ni..." Mzee yule amekusanya bastola maisha yake yote na lile neno hakuweza kulitamka mbele ya mtoto wa kaka yake.

"Ni chuma chakavu," nikamsaidia. "Sema tu. Ni chuma chakavu kilichopakwa rangi. Ninaichukua hii."

"Verna..."

"Nimeshasema. Ni yangu."

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Chupa ya matango ilikuwa hapo mezani. Nikaifungua, nikazamisha mkono hadi kwenye kifundo, maji ya chumvi yakamwagika kwenye shuka, nikautoa na kuishika ile bastola kama anavyoshika mtu anayetaka kuitumia. Dole gumba nikalikandamiza ubavuni, pale pale, kwa nguvu zangu zote. Nikalishikilia huku namtazama Royce.

Baba mdogo alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na pasi. Mkono wake uliruka wenyewe ukashika kitambaa. Hakuwa na nia mbaya, ni mwili tu, kwetu chumvi kwenye chuma ni kama moto kwenye nyasi.

"Asiguse mtu," nikasema.

Nikaondoka hivyo. Sikuchukua nyingine, zamu zangu zilizobaki nikawaachia. Bastola nikaiweka kwenye kiti cha pikapu, bila soksi, na matango nikayaacha kwao wayale wakitaka. Asubuhi niliiona alama. Chumvi haikuniangusha: kutu ya rangi ya chai, mistari yote, imeuma kwenye ule weusi wa bandia. Lakini lilikuwa dole langu. Pana, halina kovu. Nilikuwa nimelijua hilo tangu mezani na bado niliumia kama mtu aliyedanganywa.

Miezi yote ile sikuzungumza na Royce. Tulipokutana kwenye duka la mbegu niligeuza toroli. Watu wa mji walijua, na hakuna aliyethubutu kunitania.

Ikafika Sikukuu ya Shukrani, na mwaka ule ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Sikumwalika kaka yangu. Nilimwalika mwanawe, aliyeoa majuzi, na mke wake Brenna, binti wa Ohio mwenye adabu. Royce alikuja nao, ameshika pai mbili mkononi kama mtu aliyetumwa. Nikampisha mlangoni. Sikumsalimu.

Bastola niliiweka sebuleni, juu ya rafu, ubavu wa kushoto mbele. Royce aliiona kabla hajavua koti, na alikaa mezani akiipa mgongo.

Tulikuwa tumeshajipakulia chakula Brenna alipouliza, masikini, kwa sababu alitaka tu kuwe na maongezi: "Shangazi Verna, ile alama kwenye bastola ni ya nani?"

Vijiko vyote vilisimama. Mwana wa Royce alimkanyaga mke wake chini ya meza, nilisikia.

"Ni yangu," nikasema. Nikainuka, nikaichukua, nikafungua silinda nikamwonyesha haina kitu, na nikaanza. Sikuanza na nyoka. Nilianza na soksi. Nilimweleza harufu ya dawa, na herufi zilizofifia, na nani alikuwa na funguo. Niliigiza kila kitu. Nilikuwa nimengoja tangu kiangazi, na kila neno lilinitoka limenolewa. Na nilipofika mwisho niligeuka nikamtazama kaka yangu, nikasema, "Zamani alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyeogopa nyoka. Hilo halikumtosha. Sasa ni mzee mzima aliyeogopa dole gumba la mama yake. Hiyo ndiyo hadithi yako mpya, Royce. Umejitafutia mwenyewe. Nitaisimulia mpaka nife."

Aliondoka mezani, akaenda kwenye msumari wa makoti, akaanza kulivaa koti lake. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi hadi masikio yakapata moto.

Brenna alikuwa ameangalia sahani yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, nadhani alitaka kuokoa kitu chochote, "Na kovu la bibi? Umesema alikuwa na kovu. Lilikuwaje?"

"Lilikatiza hapa," nikasema, na nikaweka kucha juu ya alama yangu.

Kucha ikakaa hapo. Lilikatiza, ndiyo. Lakini lilitokea wapi? Juu kwenda chini? Lilitokea upande wa mtutu au upande wa mpini? Niliiona alama ile maisha yangu yote, nimeiigiza mbele ya watu wangapi, na sasa nikitafuta kovu naona tu uso wa Royce akiwa mtoto na mkia wa nyoka. Nikajaribu huku, nikajaribu kule. Meza nzima inanitazama.

"Lilikuwa..." nikasema. Machozi yalinijia na nikayakasirikia.

Royce alikuwa na mkono mmoja kwenye koti, mwingine nje. Akarudi hivyo hivyo, mkono mtupu wa koti ukiburuzika kwenye viti. Akainama juu ya bastola, na kwa ncha ya kidole akachora juu ya alama yangu, pole pole, bila kusita hata mara moja.

"Lilianzia hapa chini, upande wa mpini," akasema. "Likapanda mshazari. Hapa likapinda kidogo, unaona, kwa sababu mfuniko ulikuwa na jino. Halafu likakatika. Likaendelea hapa, jembamba, mpaka karibu na kucha. Na mistari ya upande huu ilikuwa haikutani na ya upande ule. Ilipishana."

"Umekumbuka yote hayo?" Brenna akauliza.

"Baba alikuwa akiniletea usoni," Royce akasema. "Wageni walikuwa wananiangalia mimi. Mimi nilikuwa naangalia hapo."

Alikuwa ameshika chuma. Akatazama huku na huku, akaona kitambaa changu cha mafuta kwenye rafu, akakichukua. Akaufuta mtutu, akaifuta silinda, akashuka ubavuni. Alipofika kwenye alama yangu akapunguza mkono, akaizunguka, juu, pembeni, chini, vile vile kama baba, akaiacha kavu katikati. Kisha akanirudishia bastola, mpini mbele.

Sijamsamehe. Mama hayupo tena popote, na aliyefanya hivyo ni huyu huyu, alikuwa amesimama mbele yangu na koti nusu.

"Kaa chini," nikamwambia, na sikulisema kwa upole. "Nyama inapoa."